Paa Hushikwa na Nini: Kamba, Chokaa, Msumari na Hewa

Paa la nyumba hupigana na mvua, jua na upepo. Mvua na jua huzuiwa na kile kinachoonekana na kila mpita njia: kuti, kigae, bati. Upepo huzuiwa na kitu ambacho aliyesimama chini hakioni: fundo la kamba, uzito wa chokaa, kichwa cha msumari. Wanaosimulia habari za nyumba za Afrika Mashariki huhesabu zaidi vifuniko, lakini ufundi wa kuezeka umebadilika kila mara vifungo vilipobadilika. Aliyejua kufunga kamba hakuwa fundi yuleyule aliyejua kupiga msumari, wala vifaa vya mmoja havikumfaa mwingine.

Nyumba ya makuti ya pwani ilijengwa bila chuma chochote. Nguzo zilichimbiwa ardhini, juu yake ukalazwa mtambaapanya, na katikati, juu kabisa, ukapita mwamba. Kutoka kwenye mwamba ziliteremka kombamoyo, na juu ya kombamoyo zikapangwa fito kwa kulala. Paa la kawaida lilikuwa na vipaa vinne, cha mbele, cha nyuma na viwili vya pembeni, na kila mahali miti miwili ilipokutana palifungwa kamba. Kamba yenyewe ilitoka kwenye mnazi uleule uliotoa makuti. Makumbi ya nazi yalifukiwa kwenye mchanga wa ufukweni au tope la pwani kwa miezi kadhaa mpaka nyama yake ikaoza na nyuzi zikabaki. Yakafukuliwa, yakapondwapondwa kwa mti, na usumba ukasokotwa kwa viganja. Kazi hiyo ilikuwa ya wanawake zaidi, na katika vijiji vya mashariki ya Unguja bado inafanyika. Usumba haushindwi upesi na maji ya chumvi, ndiyo maana kamba hiyohiyo ilishona mitepe, vyombo vya bahari ambavyo mbao zake ziliunganishwa bila msumari.

Makuti ya kuezekea si kuti zima lililokatwa mtini. Kuti zima lililosukwa, yaani kuti la kumba, ni la ua na vibanda. La kuezekea ni kuti la viungo: majani huchambuliwa, yakakunjwa moja baada ya jingine juu ya kijiti kirefu kama mkono wa mtu mzima, kisha yakashonwa chini ya kijiti ili yasichomoke. Fundi huanza ukingoni, chini kabisa, akipanda kuelekea mwamba, na kila safu huilalia iliyotangulia. Nafasi kati ya safu na safu ndiyo inayoamua umri wa paa. Zikikaribiana kwa vidole vichache, unene unakuwa mkubwa na mvua haifiki chini. Zikiachana kwa shubiri, mwenye nyumba atamwita fundi tena baada ya masika machache. Mwinamo nao lazima uwe mkali ili maji yakimbie kabla hayajazama kwenye majani, na moshi wa jiko uliopenya juu kila jioni ulifukuza wadudu. Kwa hiyo paa la makuti lilidumu zaidi juu ya nyumba inayopikiwa ndani kuliko juu ya nyumba iliyofungwa.

Bara, palipokosa mnazi, mpango ulikuwa uleule kwa vitu vingine. Nyasi zilichukua nafasi ya kuti, na kamba za magome ya miti zikachukua nafasi ya usumba. Msonge wa Wahaya, ambao paa lake la nyasi liliteremka mpaka karibu na ardhi, ulikuwa kazi ya kufunga tangu kileleni hadi chini. Sifa kubwa ya fundo ni kwamba hulegea kidogo bila kufunguka. Upepo ukivuma, nyumba nzima hutikisika na kutulia. Ubaya wake ni moto. Cheche moja ya jikoni iliweza kuteketeza mtaa, na katika miji iliyosongamana hofu hiyo ilikuwa na nguvu kuliko uzuri wowote wa makuti.

Mbali na kamba, pwani ilikuwa na njia nyingine ya kale ya kulishika paa: kulifanya zito kiasi ambacho upepo hauwezi kulifanya kitu. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alisimulia mji mzuri uliojengwa kwa miti na kuezekwa kwa mimea ya matete, lakini wakati huohuo masultani wa Kilwa walikuwa wakijenga kwa mawe ya matumbawe. Kasri la Husuni Kubwa na upanuzi wa Msikiti Mkuu wenye kuba ni kazi za karne ya 14. Nyumba za mawe za Lamu, Pate, Gedi na baadaye Unguja zilikuwa na paa bapa, lililoitwa dari au sakafu kwa sababu ghorofa likiongezwa paa la leo huwa sakafu ya kesho.

Ujenzi wake ulianza kwenye mikoko. Wakataji wa mikoko walipanga miti kwa unene, kila kadiri na jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Ilihesabiwa kwa korija, yaani miti ishirini ishirini, na majahazi yaliipakia kwenye delta ya Rufiji na visiwa vya Lamu kuipeleka Uarabuni na Ghuba, ambako miti ya kuezekea ni adimu. Katika nyumba za kale za Oman na Kuwait boriti hizo zingali zinaonekana darini. Biashara hiyo ilidumu karne nyingi. Kenya ilipiga marufuku kuuza mikoko nje ya nchi mwaka 1982.

Boriti ndiyo iliyokata kipimo cha chumba. Haiwezi kubeba uzito wa mawe na chokaa kwa urefu wa zaidi ya mita 2.5 hadi 2.8 hivi, na kwa sababu hiyo vyumba vya nyumba za mawe ni virefu na vyembamba, hata katika nyumba za matajiri. Aliyetaka ukumbi mpana ilimbidi aweke nguzo katikati. Boriti zilipokwisha kulazwa, vipande bapa vya matumbawe vilipangwa juu yake, kisha ukamwagwa mchanganyiko wa chokaa, mchanga na kokoto. Hapo ndipo ilipoanza kazi iliyokusanya watu wengi kuliko zote, kupiga sakafu. Safu za watu, mara nyingi wanawake, walishika vijiti na kulipiga paa kwa mpigo mmoja, wakiimba, huku chokaa ikinyunyiziwa maji. Hawakumaliza kwa siku moja. Walirudi siku baada ya siku mpaka chokaa ilipokaza na kulia kama jiwe chini ya kijiti. Wimbo ulikuwa kipimo cha kazi: mpigo ukivunjika, sehemu moja hushindiliwa kuliko nyingine, na ufa huanzia hapo.

Paa hilo halikuhitaji kufungwa. Adui yake alikuwa maji. Ufa mdogo uliingiza maji hadi kwenye vichwa vya boriti vilivyozama ukutani, mahali ambapo hakuna hewa ya kukausha wala jicho la kuona. Mti ulioza ndani kwa ndani, siku moja chumba kikaanguka. Unguja, yenye mvua nyingi kuliko Lamu, iliona hasara hiyo upesi. Wenye nyumba wakaanza kuweka paa la mwinamo juu ya paa bapa, kwanza la makuti, kisha la mabati. Jambo kubwa hapa ni kwamba bati liliingia Mji Mkongwe wa Unguja kama mwavuli wa kulinda chokaa, kabla halijawa paa kamili la nyumba ya kawaida.

Vigae vya udongo vilipita katikati ya historia hii bila kuacha alama kubwa kwa mtu wa kawaida. Wamisionari wa Basel walifungua kiwanda cha vigae Mangalore, pwani ya magharibi ya India, mwaka 1865, na vigae hivyo vikasafirishwa hadi Mombasa, Unguja na Dar es Salaam kwa ajili ya nyumba za serikali, makanisa na wafanyabiashara. Kigae cha Mangalore kina kishikizo chini yake kinachonasa kwenye ubao, na kingo zake huingiliana na za jirani. Kilishikwa na uzito pamoja na kishikizo hicho. Kilihitaji mbao nyingi na mkoba mzito, kwa hiyo hakikuteremka mitaani.

Bati lilikuwa na tabia ya kinyume kabisa. Henry Robinson Palmer, mhandisi wa bandari za London, alipata hataza ya chuma cha migongo mwaka 1829. Alichogundua ni kwamba karatasi ya chuma iliyo bapa hupinda kwa uzito wake mwenyewe, lakini ikikunjwa migongo na mabonde hujitegemeza. Kutu ilikuwa mkosi wake mpaka Stanislas Sorel wa Ufaransa alipopata hataza ya kupaka chuma zinki mwaka 1837. Kuanzia hapo palikuwa na paa linaloweza kupangwa rundo chini ya meli, likabebwa na watu wawili, na kuwekwa juu ya mbao chache. Wepesi huo ulikuwa neema kwa msafirishaji na hatari kwa mwenye nyumba, kwa kuwa upepo ulioshindwa kuinua sakafu ya chokaa huliinua bati kama karatasi. Uzito ulipoondoka ilibidi pawe na mshikizo mpya, nao ulikuwa msumari.

Reli ya Uganda ndiyo iliyotawanya mabati bara. Ujenzi ulianzia Mombasa mwaka 1896, ukafika uwanda wa Nairobi 1899 na Ziwa Viktoria, Kisumu ya leo, mwaka 1901. Stesheni, maghala na nyumba za wafanyakazi zilisimamishwa kwa mabati njia nzima, na Nairobi ya mwanzo ilikuwa mji wa mabati na turubai. Kati ya vibarua wapatao 32,000 walioletwa kutoka India walikuwamo maseremala na wahunzi, na ujuzi wa kenchi za mbao na kupigilia bati ulipita kutoka kwao kwenda kwa wasaidizi wao Waafrika kazini, bila darasa. Misumari ya waya iliyotengenezwa kiwandani, ambayo mwishoni mwa karne ya 19 ilikuwa imeshuka bei sana, ilifika kwa magunia. Msumari wa mhunzi, uliofuliwa mmoja mmoja, ulibaki kwenye milango na majahazi.

Kupigilia bati kuna siri zake, na kila kosa huonekana mvua ya kwanza. Msumari hupigwa kwenye mgongo wa bati, kamwe si bondeni, kwa sababu bondeni ndimo maji yanamopita. Kichwa chake kimetengenezwa kama kofia ndogo, na chini ya kofia huwekwa washa, zamani ya risasi au lami, siku hizi ya mpira. Fundi mzuri huacha nyundo mara tu washa inapolala. Pigo moja la ziada hubonyeza mgongo, bonde dogo likazaliwa pale kileleni, na maji yakatuama kuzunguka tundu. Pigo moja pungufu huacha bati likicheza, na bati linalocheza hupanua tundu lake lenyewe. Mabati hulazwa kuanzia upande unaoupa mgongo upepo, ili maungio yasiukabili. Fundi wa pwani alilijua hilo bila kufundishwa, maana kaskazi na kusi zilikwisha kumpangia hata mlango wa jiko.

Kwa miongo mingi bati jipya lilikuwa mali ya serikali, misheni na wenye maduka. Mtu wa kipato kidogo mjini alitumia madebe. Debe la mafuta ya taa lilipasuliwa, likanyooshwa kwa nyundo juu ya jiwe, na vipande vikaunganishwa kama magamba ya samaki. Paa la madebe lilishika kutu mapema na likavuja kwenye kila kiungo, lakini halikushika moto. Katika Dar es Salaam ya Waingereza, ambako mji uligawanywa kanda tatu na nyumba za makuti zikaruhusiwa katika ile ya Waafrika tu, kubadili kuti kwa debe na debe kwa bati kulikuwa kupanda daraja kunakoonekana na mtaa mzima.

Karibu na wakati wa uhuru bati lilianza kutengenezwa hapa. ALAF ya Dar es Salaam iliasisiwa mwaka 1960 na Mabati Rolling Mills ya Kenya mwaka 1962. Lakini waliolisukuma bati vijijini kwa nguvu zaidi ni akina mama. Katika nyanda za kati za Kenya, miaka ya 1960 na baada yake, wanawake waliunda vyama vilivyoitwa vikundi vya mabati. Walilima mashamba ya watu kwa ujira, wakaweka fedha pamoja, na kumwezekea mwanachama mmoja baada ya mwingine mpaka zamu ikamfikia wa mwisho. Sababu yao haikuwa fahari peke yake. Paa la nyasi halitoi maji ya kunywa. Paa la bati likiwekewa gata na tangi, mvua ya usiku mmoja huokoa safari za mtoni za siku nyingi, na aliyebeba mtungi ndiye aliyejua thamani ya jambo hilo. Nusu karne baadaye serikali ya Rwanda iliendesha kampeni ya kuondoa nyumba za nyasi, nyakatsi, mwaka 2010 na 2011. Hapo bati lilikuja kwa amri, si kwa zamu ya kikundi, na wako walioezuliwa paa lao kabla bati halijafika.

Bei ya chini ililetwa kwa kupunguza unene. Namba ya geji hupanda kadiri bati linavyokuwa jembamba: geji 28 ni kama milimita 0.4, geji 30 kama 0.3, na geji 32 iko karibu na robo milimita. Bati jembamba halishindwi na mvua. Hushindwa pale msumari ulipopita. Upepo ukilivuta, kofia ya msumari hubaki kwenye papi, ubao unaobeba bati, na bati huchanika kuizunguka. Katika nyumba nyingi zinazoezuliwa na dhoruba, msumari hukutwa uko mahali pake.

Wakati Afrika Mashariki ikizoea msumari wa kofia, Marekani ya Kaskazini ilikuwa na tatizo jingine. Huko paa la kawaida likawa vigae vya lami, karatasi nene zilizoloweshwa lami na kufunikwa chembe za mawe. Henry Reynolds wa Grand Rapids, Michigan, alianza kuzikata vipande mwaka 1903. Kipande kimoja huhitaji misumari minne. Eneo la futi za mraba 100, ambalo mafundi wa huko hulitumia kama kipimo cha kazi, huchukua vipande 80, yaani misumari 320. Nyumba yenye maeneo 20 ya aina hiyo humeza misumari 6,400, yote mifupi, yote ya aina moja, yote ikiingia kwenye mbao laini. Hesabu hiyo ndiyo iliyoleta hewa juu ya paa.

Hewa iliyobanwa haikuwa ngeni. Mvukuto wa mhunzi ni babu yake, na kwenye handaki la Mont Cenis kati ya Ufaransa na Italia, lililofunguliwa mwaka 1871, mitambo ya kutoboa mwamba iliendeshwa kwa hewa kwa takriban miaka kumi. Bunduki ya misumari inayotumia hewa iliingia sokoni mwaka 1950 kwa ajili ya sakafu za mbao, ikipiga misumari 40 hadi 60 kwa dakika huku fundi amesimama. Baadaye ikaja ya paa, inayolishwa misumari iliyosukwa kwa waya na kuviringishwa, kwa kawaida 120 kwa mviringo mmoja.

Kuanzia hapo fundi wa paa alilazimika kujua kuchagua kompresa, jambo ambalo baba yake hakuliwaza. Presha peke yake haitoshi. Bunduki nyingi za paa hufanya kazi kati ya paundi 70 na 120 kwa inchi ya mraba, na kompresa ndogo kabisa hufikia hapo. Linaloitofautisha moja na nyingine ni wingi wa hewa inayotoka kila dakika wakati presha imesimama. Mtambo unaotoa futi za ujazo 4 hadi 5 kwa dakika kwenye paundi 90 huwalisha kwa kawaida mafundi wawili. Ukipungua, mmoja wao hungoja tangi lijae, au, vibaya zaidi, hangoji na misumari yake hubaki imesimama nusu. Tangi kubwa husaidia kazi ya vishindo lakini halizidishi hewa inayotengenezwa. Mpira mrefu unaopanda hadi kileleni hupunguza presha njiani. Mtambo wenye mafuta lazima usimame mahali tambarare, kwa hiyo hubaki chini uani, na usipokuwapo umeme huendeshwa kwa petroli. Maji yanayojikusanya ndani ya tangi humwagwa kila jioni, la sivyo kutu hulila kutoka ndani.

Kosa la zamani la nyundo lilirudi kwa mavazi mapya. Presha ikizidi, hasa mchana wa joto lami ikiwa laini, kichwa cha msumari hukata kigae na kuzama. Ikipungua, kichwa hubaki juu na kutoboa kigae kinachokilalia. Kimbunga Andrew kilipoipiga Florida Kusini mwezi Agosti 1992, wachunguzi walikuta vigae vingi vilivyopeperushwa vilikuwa vimeshikwa kwa pini za bunduki zilizopigwa ovyo. Kanuni za ujenzi za huko zikakazwa, na pini zikawekwa kando kwa faida ya msumari.

Mafundi wa Afrika Mashariki waliijua kompresa kwa kazi nyingine: gereji kwa matairi na rangi, karakana za sofa kwa kupiga pini kitambaani. Juu ya paa haikupanda. Bati moja kubwa hufunika eneo ambalo vigae vya lami vingehitaji makumi ya misumari, kwa hiyo mbio za dakika moja si tatizo la fundi wa bati. Tena bunduki haijui kusimama pale washa inapolala, na juu ya mgongo mtupu wa bati pigo lake hubonyeza.

Kilichopanda badala yake ni skrubu yenye ncha ya kujitobolea na washa ya mpira, inayozungushwa kwa drili ya betri. Ilikuja kwanza na maghala ya kenchi za chuma, ambako msumari hauingii, kisha ikateremka kwenye mbao za nyumba za kawaida pamoja na mabati ya rangi ya migongo mipana. Kwa bei inaupita msumari, na wengi wanaopaua kwa kuungaunga bado hununua misumari kwa kilo. Lakini skrubu ina uzi unaong'ang'ania mbao upepo unapovuta, na drili yenye kikomo hujizuia washa inapobanwa. Tena hufunguka. Bati lililofungwa kwa skrubu likiezuliwa hutoka zima, na tundu lake halijachanika, kama vile zamani fundo la usumba lilivyofunguliwa ili kombamoyo zitumike kwenye nyumba mpya.